Milio Miwili ya Kioo

Kabla ya kunywa chochote, Kapitolina Yegorovna alikigonga chombo kwa ukucha wa kidole cha kati, akatega sikio. Glasi ya chai, bilauri ya harusini, hata kikombe cha zahanati, vyote alivipima. Kwa miaka thelathini na minne, katika kiwanda kimoja cha Izhevsk, alisawazisha vibakuli vya kioo vya jairoskopu, vile vinavyotetemeka ndani ya kifaa na kuiambia ndege imegeukia upande gani.

Kibakuli kizuri kina mlio mmoja. Kikizidi unene upande mmoja, hata kwa kiasi cha vumbi, kinatoa milio miwili iliyokaribiana, na ndege inadanganywa. Dawa ni kukwangua ukingo kidogo kidogo, siku nzima. Tofauti ndogo inayobaki huondolewa kwa umeme: volti chache kwenye bamba lililo kando ya ukingo huushusha mlio wa juu mpaka ukutane na mwenzake.

“Umeme ni chumvi ya supu,” alikuwa akimwambia Lyusya, aliyemfundisha kazi tangu alipotoka chuoni. “Kabichi utie mwenyewe.”

Mwezi wa Desemba, siku nne kabla ya kufunga hesabu za mpango wa mwaka, mkuu wa karakana, Rudolf Arkadyevich, ambaye hajawahi kukwangua hata kiazi, alitaka jairoskopu kumi na mbili ziondoke. Vibakuli vya ndani yake vilikuwa bado havijasawazishwa. Akaagiza volti zipandishwe mara kumi, na kweli, katika chumba chenye joto la kulalia paka, milio ikakutana. Kapitolina akamweleza kwamba baridi ikiingia, nafasi kati ya kioo na bamba itabadilika, na milio itaachana tena. Mkuu akamwuliza kama humu chumbani anaona theluji.

Kila mkaguzi pale ana muhuri wake mdogo wenye namba, wa kupitisha kazi, na hakuna mwingine anayeugusa. Kapitolina aliutia wake mfukoni, akaenda kunywa chai.

Lyusya naye alikuwa na wake. Alijua kila alichojua mwalimu wake, maana alifundishwa vizuri. Akaugonga kwenye karatasi zote kumi na mbili. Mkuu akamwita binti wa dhahabu, akampa boksi la chokoleti, na chokoleti akala.

Februari kreti ikarudi na jairoskopu zote kumi na mbili. Mkuu alisema baridi ya wateja imezidi kiasi. Ikaundwa tume ya watu watano, ambao kati yao hakuna aliyewahi kushika kibakuli, ikagundua kwamba kosa ni la mikono iliyozeeka. Kapitolina, ambaye muhuri wake haukuwamo hata katika karatasi moja, akaombwa astaafu kwa heshima. Lyusya alikuwepo kikaoni. Alitazama meza.

Siku ya kumuaga walioka perepechi, vile vitobosha vidogo vya kwao, za uyoga, na mkuu akahutubia kirefu kuhusu usahihi, kisha akamkabidhi chombo cha maua cha kioo. Kapitolina akakigonga kwa ukucha mbele ya wote, akasikiliza, akashukuru.

Lyusya alimfuata hadi chumba cha makoti. Alikuja kuomba radhi. Akaishia kumfunga shali. Kapitolina akamwachia azifunge ncha zote mbili, ndipo akamwekea chombo kile mikononi.

“Kichukue, mwanangu. Kina milio miwili. Wewe si unajua pa kutia umeme.”