Uwanja Usio na Nyasi

Mama yangu aliamini kwamba nyasi karibu na mlango ni aibu. Katika kambi ya wakimbizi Warundi ya Kigoma nilikokulia, mtu alijua tabia ya mwenye nyumba kabla hajabisha hodi. Aliutazama uwanja tu. Uwanja wa mwanamke mwema ulikuwa mtupu, umefagiwa alfajiri, una mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa, na unyayo wa kwanza kuukanyaga ulionekana hadi jioni. Nyasi zilikuwa za nyoka na za wavivu.

Kwa hiyo tulipoondoka Louisville, mji wetu wa kwanza Marekani, ambako tulikuwa tumepewa ghorofa la matofali lisilo na hata kiganja cha udongo, tukapata nyumba ya kupanga Buffalo, upande wa West Side, mama hakuitazama nyumba. Aliizunguka hadi nyuma, akavua viatu, akasimama juu ya nyasi kwa soksi zake.

"Kuna udongo," akamwambia baba. "Hapa tutaishi."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ndefu na nyembamba, imebanwa na nyumba nyingine za mbao zilizochoka kama yenyewe. Ilikuwa ikijichuna. Sina neno jingine. Rangi ilijikunja kwenye kuta za nje kama magamba, ikaanguka hata siku isiyo na upepo, na chini ya nyeupe kulikuwa na ya kijani, chini ya kijani kulikuwa na kahawia, kana kwamba kila familia iliyowahi kulala humo bado imo, imelala juu ya nyingine. Kila tulipofungua dirisha tulisikia likisaga kitu. Kwenye kizingiti chake ulibaki unga mweupe, laini kuliko sembe.

Kiangazi hicho, mwaka 2015, mama aling'oa nyasi zote. Alizing'oa kwa jembe, mita kwa mita, akazikung'uta mizizi, akatengeneza tuta la lengalenga, mchicha wa kwetu, na maharage chini ya madirisha, palipopata jua. Sehemu iliyobaki aliifanya uwanja. Jirani yetu, mama Mkongo kutoka milima ya Kivu ya Kusini, alikuja kushuhudia akiwa amebeba kikombe chake cha chai.

"Mama, donc, nyasi ilikukosea nini?"

"Nyasi ni nyumba ya nyoka, dada."

"Nyoka ya Buffalo? Na hii baridi? Nyoka yote ya huku ilishahamia Florida." Akanywa chai, akatazama vumbi lililokuwa likipanda. "Bon. Fagia. Utafagia mpaka utatokea Tanzania."

Walicheka wote wawili.

Mama hakuwa mtu wa kuharibu kitu. Maji yaliyooshea mchele aliyapeleka kwenye maharage. Maganda ya ndizi na viazi aliyafukia kwenye tuta. Nguo tulizianika kwenye kamba ingawa mashine ya kukaushia ilikuwa chini, kwenye chumba cha chini ya ardhi, na mifuko ya plastiki ilioshwa na kutundikwa kama soksi. Kanisani na maktabani watu wa mji walikutana kufundishana mambo hayo hayo, wakigawiana biskuti, na mama alinong'ona kwamba hakujua kuna mtu anayehitaji kufundishwa. Maji aliyaonea huruma zaidi ya vyote. Kambini hatukuwa nayo ya kunyunyizia vumbi kabla ya kufagia, na huku, penye bomba jikoni, hakuweza kuyamwaga chini bure. Alifagia pakavu. Kila asubuhi vumbi lilisimama nyuma ya nyumba likiwa na kimo cha mtu, likasitasita, kisha likaingia ndani kwa madirisha.

Mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa Louisville, alimfuata mama kila mahali akiwa na kifagio chake kifupi. Alikuwa ameanza kuongea. Alisema maneno ya Kirundi, ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa zamu zake mwenyewe, na akijaza sahani yake kwa udongo alitukaribisha chakula.

Kisha maneno yakaanza kumwacha. Hatukuona siku yalipoanza kuondoka. Tuliona tu kwamba limebaki jina la maji, halafu hata hilo hatulisikii. Alionyesha kwa kidole. Baadaye hakuonyesha. Alikaa sakafuni akiutazama ukuta mmoja, ule wa upande wa dirisha la sebule, na mtu alipopita mbele yake alisogeza kichwa ili aendelee kuuona.

Adhuhuri moja nilimkuta amesimama kwenye kiti, kinywa chake kimegusa kizingiti cha dirisha. Alikuwa akilamba polepole. Ulimi wake ulikuwa mweupe. Nilipomwondoa hakulia. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo.

"Kuna kitu ndani ya nyumba hii," mama akasema nilipomweleza. "Kinazungumza na mtoto wangu, ndiyo maana hazungumzi nasi."

Aliita kikundi cha maombi. Wakaja akina mama wa kanisa letu, Warundi na Wakongo, na jirani yetu akiwa mbele, wamevaa vitenge vyao vya Jumapili ingawa ilikuwa siku ya kazi. Waliimba mpaka sakafu ikatetemeka. Kisha wakaweka mikono juu ya kuta, kila mwanamke na ukuta wake, wakiamuru kilichomo kitoke. Walisukuma na kupapasa, wengine wakilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na niliona walipoishusha mikono yao. Viganja vyote vilikuwa vyeupe. Wakavifuta kwenye vitenge, wakapokezana mtoto, wakimpapasa uso na midomo kwa baraka.

Mtoto hakupata nafuu. Tumbo lilimuuma, chakula alikikataa, na mama akampeleka kliniki, ambako walimtoboa kidole wakachukua damu. Siku chache baadaye simu ikaita. Muuguzi alikuwa upande mmoja, na mkalimani, mwanamke mwenye Kiswahili cha pwani, alikuwa sijui wapi. Mama aliiweka simu mezani ili sote tusikie.

"Mama, wanasema damu ya mtoto imekutwa na madini ya risasi. Ni sumu. Zamani walikuwa wakiichanganya kwenye rangi za nyumba. Wanauliza, nyumba yenu ni ya zamani?"

Mama alizitazama kuta. "Mwambie ndiyo."

"Wanauliza mtoto huchezea wapi."

"Nyuma. Lakini uwanja wetu ni msafi, mwambie hivyo. Naufagia kila siku."

Tulisikia yakitafsiriwa. Kisha muuguzi akasema atatumwa mtu wa kuikagua nyumba.

Mkaguzi aliyetumwa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alikuwa na chombo cha kupimia rangi, kilichofanana na mashine ya kukaushia nywele. Alikibana ukutani, akangoja, akasoma, akasogea. Mimi ndiye niliyemfasiria. Mlango, mbaya. Kizingiti, kibaya sana. Ukuta aliokuwa akiutazama mtoto, mbaya. Alizungumza na nyumba kama daktari anavyomgonga mgonjwa mgongoni. Mwishoni akatoka nje, akapiga magoti uwanjani, akachota udongo chini ya madirisha, kwenye lengalenga.

"Nani aliondoa nyasi?" akaniuliza.

Mama alielewa kabla sijafasiri. "Mwambie ni mimi. Mwambie kwetu ndivyo tunavyofanya."

Mwanamke yule hakumlaumu. Alieleza kwamba rangi ilikuwa ikianguka pale tangu kabla ya sisi wote kuzaliwa, ikasagika, ikazama, na nyasi zikaota juu yake zikaishikilia. Udongo ukivikwa hauruki. Ukiachwa uchi unaingia vitandani. Alisema tusile mboga zile za majani.

Nilipomaliza kumfasiria, mama alibaki ameutazama uwanja wake, safi, wenye mistari, kama mtu aliyechimba msingi akakuta mifupa ya watu.

Jiji lilimwamuru mwenye nyumba abadilishe madirisha na kuziba kuta, na wakati wa kazi hiyo watoto hawakuruhusiwa kuwa ndani. Baba alitupeleka Columbus kwa shangazi, akarudi kiwandani. Shangazi alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa huko mtaa wa Clintonville, na yule bibi alimwachia chumba cha juu. Mtaa ule ulimtisha mama kwa namna yake. Hakukuwa na udongo wowote unaoonekana. Chini ya miti palitandazwa vipande vya mbao vilivyosagwa, kwenye vijia kulikuwa na majani mafupi yenye maua meupe, na mboga ziliota ndani ya masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo ulioletwa na mboji ya jikoni. Mapipa yalikaa chini ya mifereji ya paa. Kila kitu kilifunikwa, kimenyamaza.

"Wifi," shangazi akasema siku ya kwanza, "huku ukifagia uwanja wataita polisi. Watadhani umezika mtu."

Mama hakucheka. "Wifi, mtoto nimemlisha sumu kwa mkono huu."

"Basi uutumie huo huo kumsafisha. Acha kunililia, shika kitambaa."

Shangazi alikuwa amejifunza usafi wa nyumba za wagonjwa, akamfundisha mama bila huruma. Kitambaa kibichi, si ufagio. Anza juu, shuka chini, kisuuze. Viatu vibaki mlangoni. Mikono ya mtoto ioshwe kabla hajagusa chakula, na vitu vyake vya kuchezea pia. Tumbo lisikae tupu. Apewe maharage, dagaa na maziwa, kwa sababu sumu hii hupenda mwili wenye njaa.

"Vumbi la huku halifukuzwi," alisema. "Ukilifukuza linakuzunguka nyuma. Linashikwa."

Mama alijifunza yote. Lakini asubuhi, alipokuwa ameketi kwenye ngazi na mtoto kimya mapajani, niliuona mkono wake wa kulia ukienda wenyewe, kushoto, kulia, kushoto, juu ya goti.

Tuliporudi Buffalo nyumba ilikuwa na madirisha mapya yasiyosaga. Mama aliing'oa lengalenga yake, akaitia kwenye mifuko iliyofungwa, jinsi mkaguzi alivyoelekeza. Jirani yetu alijua mahali wakata miti wa mtaani wanapomwaga mbao zilizosagwa na kumwachia yeyote achukue. Tulizibeba kwa ndoo na kwa mkokoteni wa watoto. Kabla ya kila ndoo mama alinyunyiza maji chini, mengi, bila kuyaonea huruma, kisha tukatandaza tabaka nene mpaka uwanja ukapotea. Kando tulipanda mbegu za nyasi. Mboga alizihamishia kwenye masanduku mawili mbali na ukuta, na udongo wake tukauleta kutoka mahali ambapo jiji huozesha majani.

Mwanamke mmoja Mrundi, anayeishi mtaa wa Riverside, alipita kututembelea akasimama langoni. Aliutazama uwanja, akamtazama mama.

"Umekuwa ukiumwa?"

"Hapana."

"Nyasi zinakaribia mlango wako, nawe unatembea?"

"Ingia nikwambie," mama akasema. "Vua viatu kwanza."

Baada ya hapo alianza kuzunguka. Alikwenda kwa kila mama aliyeweka mikono kwenye kuta zetu, nyumba kwa nyumba, akiwaambia wawapeleke watoto wakapimwe na waache kufagia pakavu. Wengine walimpokea vizuri. Mmoja alimwambia, "Imani yako imepungua." Mama alirudi siku hiyo, akafuta meza, ambayo ilikuwa safi.

Majira ya baridi yalipofika, theluji ikazika mtaa. Majirani walilalamika. Mama alikuwa mtu pekee ninayemjua aliyesimama dirishani akiifurahia, kwa kuwa hakuna kitu kingeweza kuruka kutoka chini yake.

Damu ya mtoto ilipimwa tena. Simu ikawekwa mezani. Mkalimani safari hii alikuwa mwanamume.

"Mama, imeshuka. Wanakupongeza."

"Na maneno yake?"

Walizungumza wenyewe kwa muda. "Wanasema sumu ikitoka kwenye damu, nyingine huwa imeshaingia kwenye mifupa, na huko hukaa muda mrefu. Wanasema endelea na unavyofanya. Kuhusu maneno, tutaona."

Mama alishukuru, akakata simu. Akamchukua mtoto akamshika kifundo cha mkono, akikibonyeza kwa kidole gumba kama anayetafuta kitu ndani. Mtoto alimwacha afanye hivyo. Wakati wote ule wa baridi tuliishi na watu wawili ndani ya yule mtoto, mmoja akila maharage na kunenepa mashavu, mwingine akiwa mbali mahali ambapo sauti zetu zilifika zikiwa zimechoka. Usipomsemesha ungeweza kusahau kwamba yumo chumbani. Kisha unageuka, unakuta anakutazama.

Theluji ilipokuwa ikiyeyuka, mchana mmoja tulikuwa mezani sote, baba pia, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mama alikuwa amepika maharage na dagaa. Mtoto alimaliza sahani yake. Akaiinua kwa mikono miwili, akaielekeza kwa mama.

"Tena," akasema.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko tulivyoikumbuka, kama ya mtu aliyeamshwa. Baba alishikilia kijiko hewani. Tuliogopa kusogea, tukakaa kama watu waliotembelewa na ndege mezani.

Mama akampakulia. Supu ikamwagika kidogo, akaifuta kwa kitambaa kibichi bila kuangalia. Kisha akakaa, akamsogelea yule mtoto, akangoja kama kuna neno jingine.