Hodi Nyumbani Kwetu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nabaleghe, sikuwa na raha hata ya kukaa kitako. Miguu iliniuma, viatu vya Idi vilinibana kabla Idi nyingine haijafika, na sauti ilinikatika katikati ya neno kama jimbi anayejifunza kuwika. Hayo ningeyavumilia. Nililoliogopa ni kufukuzwa chumba cha wanawake.

Nyumba yetu ya Ghubra, huko Maskati, ilikuwa na vyumba viwili vya wageni. Mbele palikuwa na majlisi ya wanaume, yenye kahawa na Kiarabu cha taratibu juu ya viwanja na vyeo. Nilikaa huko mara moja nikanywa kahawa mpaka moyo ukanienda mbio, kwani hakuna aliyeniambia kwamba ukitosheka unatikisa kikombe. Nyuma, karibu na jiko, mama na mashoga zake wa Kiunguja walikutana kila alasiri. Huko watu walisengenywa kwa ustadi, na mtu alicheka mpaka akaanguka mapajani mwa mwenzake. Mimi nilileta chai, kisha nikakaa miguuni pa mama. Sikutaka pahala pengine duniani.

Basi vinyweleo vilipoota juu ya mdomo, nikaviondoa kwa wembe wa baba, nikajikata. Sauti haikuwa na wembe. Nikaamua kunyamaza.

Shoga mmoja wa mama, aliyekuwa akiniogesha utotoni, ndiye aliyeniumbua.

"Mbona huyu siku hizi kama kameza ulimi?"

"Koo linaniuma," nikasema.

Ilitoka sauti nene, ya mtu mzima. Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini yeye, huku akicheka, alivuta kanga yake akajifunika kichwa. Mwengine naye akavuta yake. Nilitamani kuipasua ile kanga.

Jioni mama aliniita jikoni.

"Mwanangu, kuanzia kesho ukija kwetu piga hodi."

"Hodi? Nyumbani kwetu?"

"Ushakuwa mwanamme sasa. Wenzangu wanataka kujistiri."

"Mimi sitaki kuwa mwanamme!"

"Hilo hatuulizwi," akasema, akaendelea kukuna nazi. Nilitoka nikiubamiza mlango, nikazunguka uani nikipiga teke kila kilichopigika. Nilikuwa na hasira naye, na baba, na hata na mabega yangu.

Kesho yake alasiri nikachukua chupa ya chai. Ndani walikuwa wamo kwenye kisa kitamu. Nilijua kwa namna walivyopokezana maneno. Nikasimama nje ya mlango niliokuwa nikiuingia tangu najua kutambaa.

"Hodi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Nikasikia kanga zikivutwa.

"Nani?" akauliza mama.