Gitaa Lisilokuwa Bovu

Nilimaliza karibu mwaka mzima nikitengeneza gitaa ambalo halikuwa bovu. Nililichemshia nyuzi, nikalinyoosha shingo, nikalibadilishia waya, nikagombana na fundi wa redio wa pale Garsen ambaye hakuwa na kosa lolote. Kumbe yaliyokuwa mabovu ni masikio yangu. Nalisema hili mapema ili usihangaike kubahatisha, maana mimi mwenyewe nilibahatisha kwa niaba yetu sote.

Gitaa lenyewe ni besi, la nyuzi nne nene, na nalipiga kwenye kwaya ya kanisa letu. Siku za kazi nasaga unga. Nina mashine ya kusaga mahindi kando ya barabara ya kwenda Minjila, na kwenye mashine hakuna anayeongea kwa upole. Mama anasimama mlangoni na debe lake anapaza sauti nimsagie laini, mwingine anapaza sauti nisimchanganyie na ya mwenzake. Mtu akizoea kuambiwa kila kitu kwa kelele, hajui ni siku gani alianza kuzihitaji. Mimi nilizoea hivyo miaka mingi na sikuona ajabu.

Mke wangu anaimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Tulikutana hivyo hivyo. Kwaya yao ilitoka Chara kuja kwenye mkutano wa injili huku kwetu, mpiga besi wao akashikwa na malaria, nikaitwa nishikilie. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu nilikuwa nimeinama nahangaika na waya. Tangu siku hiyo kazi yangu ya Jumapili imekuwa kumtandikia chini ili yeye apite juu. Nyumbani tunagombana kama watu wengine wote, tena kwa vitu vidogo vya kuchekesha. Kwenye wimbo hatujawahi kugombana hata mara moja. Kwa hiyo besi ilipoanza kunigeuka, sikuogopa kuitwa mzee. Mzee niko tayari. Niliogopa kuondolewa pale chini ya sauti ya yule mwanamke.

Ilianza na nyuzi. Nyuzi mpya za besi zina ukali fulani, kama sarafu ikianguka kwenye sahani ya bati. Ukizipiga miezi michache, jasho na uchafu wa vidole huingia kwenye mikunjo ya ule waya mwembamba uliozungushiwa uzi na ukali unakwisha, na kwa joto la huku kwetu unakwisha upesi zaidi. Dawa yake kila mpiga besi asiye na duka karibu anaijua: unazitoa, unazikunja, unazichemsha kwenye maji safi, unazifuta vizuri, unazianika juani hadi zikauke kabisa, halafu unazirudisha. Zinakuamkia tena kwa wiki kadhaa.

Basi nikachukua sufuria. Mke wangu akaingia jikoni, akafunua kifuniko, akachungulia.

"Leo tunakula supu ya gitaa?" akauliza.

"Subiri ichemke," nikamjibu.

Nilizirudisha, nikapiga, hakuna kitu. Zililia kama mtu anagonga godoro. Nikazichemsha tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, bado hakuna kitu. Nikaagiza nyuzi mpya kutoka Mombasa, zikaja kwa basi, nikafungua pakiti kwa hamu yote. Nazo zikalia kama za zamani. Nikasema nimeuziwa bandia, nikamlaani muuzaji ambaye hata sikuwahi kumwona.

Nikahamia kwenye shingo. Kiangazi mti wa shingo hujivuta, nyuzi zikapanda juu au zikalala hadi zikakwaruza vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kukatiza shingo. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma unayoikaza kwa spana ndogo iliyopinda. Unazungusha robo tu, kisha unaacha mti uzoee hadi kesho yake, maana ukikaza kwa pupa unaivunja. Nilifanya hayo yote kwa utaratibu. Shingo ikanyooka vizuri sana na sauti ikabaki vile vile.

Nikaenda kwa fundi wa redio. Akafungua tumbo la gitaa, akasafisha viungo kwa spiriti, akagusa lehemu mahali palipohitaji, akalichomeka kwenye spika yake na kulipiga kidogo. Akaniambia, "Mzee, hili gitaa liko sawa kabisa." Nikamwambia masikio yake yamezoea redio, hayajui gitaa. Alinifungia waya wangu taratibu, akanipa.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Uzi mmoja wa gitaa hautoi sauti moja. Ukiupiga, unatikisika wote mzima, na hiyo ndiyo sauti kubwa unayoisikia. Lakini papo hapo unatikisika pia kwa nusu yake, na kwa theluthi yake, na kwa robo yake, na kuendelea hivyo, vipande vidogo juu ya vidogo, kila kimoja na sauti yake nyembamba zaidi. Ukitaka kuwa na hakika, gusa uzi katikati kabisa, juu ya chuma cha kumi na mbili, bila kuubonyeza. Piga, kisha inua kidole. Ile sauti kubwa inazimika na ya nusu inabaki peke yake. Ukigusa juu ya chuma cha saba unapata theluthi, juu ya cha tano unapata robo. Sisi tunaziita filimbi, maana hulia kama mtu anayepuliza filimbi ng'ambo ya mto. Hizo ndizo tunazolinganishia nyuzi. Unapiga filimbi ya chuma cha tano kwenye uzi mnene na ya chuma cha saba kwenye uzi unaofuata. Zikiwa hazijapatana, zinayumba pamoja, wa-wa-wa. Unazungusha funguo taratibu, kuyumba kunapungua, kunapungua, hadi kunatulia.

Sasa uzi ukichoka, hauchoki wote kwa mara moja. Zinakufa kwanza zile sauti nyembamba za juu kabisa, ndizo zilizokuwa zikiupa ukali. Ile kubwa ya chini inadumu. Na masikio, kama alivyokuja kuniambia daktari huko Malindi, yakikaa sana karibu na mashine huchoka kwa mpango huo huo, kuanzia juu. Kwa hiyo niambie, mtu angejuaje? Uzi mzee kwa sikio zima na uzi mpya kwa sikio chakavu ni sauti ile ile. Mimi nilikuwa na vitu viwili vilivyozeeka kwa namna moja, nikakichemsha kile kilichoingia kwenye sufuria.

Ilipofika hapo nikaona nitumie nguvu. Kwenye amplifaya yetu kuna kitufe cha kuzungusha cha sauti kali. Nilikizungusha hadi mwisho. Ah, nikasikia kitu, hata kama ni kidogo, na moyo ukatulia. Jumapili iliyofuata nikaanza wimbo wa kwanza, nyuzi zikawa zimekufa tena. Kuangalia, kitufe kimerudishwa katikati. Nikakipandisha. Jumapili nyingine, hivyo hivyo. Nafika mapema, nakipandisha, natoka nje kusalimia watu, nikirudi kimeshuka.

Nilikasirika, sifichi. Nilimshuku mpiga kinanda, kijana mwenye maringo anayevaa miwani ya jua hadi kwenye maombi. Nikamweleza mwalimu wa kwaya kwamba kuna mtu anachezea vyombo vyangu. Mwalimu akatazama chini, akasema, "Tutaangalia, baba." Nilijua ile "tutaangalia." Waliokuwa wakiniita baba walikuwa wameanza kunistahi kupita kiasi, na mtu akistahiwa hivyo ujue kuna neno halisemwi. Hata sifa zilikuwa zimekwisha. Zamani nikipiga vizuri nilikuwa naambiwa. Mwaka ule wote sikumsikia hata mtu mmoja akiniambia leo umepiga vizuri, na hilo liliniuma kuliko kitufe.

Basi nikatega mtego. Msaga unga hakosi unga. Jumapili ile nilibeba kidogo kwenye karatasi, unga mweupe laini ule wa kupitisha mara mbili. Nilikipandisha kitufe hadi mwisho, nikakipaka unga pande zote kwa kidole, halafu nikatoka nje. Nilikuwa nimepanga kumshika mkono yule wa miwani mbele ya mwalimu.

Niliporudi kitufe kilikuwa kimeshuka na unga umeguswa. Sikukipandisha. Nilikaa kwenye kiti changu, gitaa pajani, nikakagua mikono. Kijana wa kinanda mikono yake ilikuwa misafi kama ya bwana harusi. Mwalimu, misafi. Mpiga ngoma, misafi. Wimbo ukaanza, kwaya ikasimama na sare zao za bluu nzito, zimepigwa pasi hadi zinang'aa. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, upande wangu. Kwenye sare yake, hapa penye nyonga, palikuwa na mistari miwili myeupe ya vidole vilivyojifuta.

Niliendelea kupiga. Mikono inajua wimbo hata kichwa kikiwa mbali. Nikamtazama. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, shingo imekaza, ni pale penye ubeti anapopanda peke yake, mahali ambapo nimemsikia akipanda maisha yangu yote. Nikatega sikio hasa. Nilichokisikia kilikuwa kama sauti ya mtu aliye nyumba ya pili. Nilijua anaimba kwa sababu namwona. Hapo ndipo nilipolijua gitaa langu kuwa zima.

Mchana baada ya chakula alikaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, anachambua mchele wa kupika jioni. Nikavuta kigoda. Alisema kitu akiwa ameinamia uteo, sikukipata, nikangoja hadi ainue uso.

"Ni wewe," nikasema. "Kitufe."

Hakukataa. "Watoto walikuwa wanaziba masikio," akasema. "Wale wa benchi la mbele. Na wazee wameanza kuhamia nyuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Kila Jumapili tukirudi. Wewe unatangulia na gitaa begani, mimi niko nyuma yako nakuambia. Hujibu. Nikadhani umekasirika." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Halafu siku ile ya pikipiki. Ilikuja nyuma yako inapiga honi, nami nakuita, na wewe unatembea tu. Ndipo nikajua."

Siku hiyo ninaikumbuka. Alinivuta shati kwa nguvu, nami nikamkemea kwamba ataniangushia gitaa. Tangu hapo alianza kutembea ubavuni kwangu, upande wa barabara, nikadhani ni mapenzi tu yamerudi.

"Nikaona haya kukupigia kelele kanisani," akasema. "Kitufe hakina kelele."

Nilimwambia naacha besi. Nilimaanisha. Nilimwambia kesho nampelekea mwalimu gitaa, amtafute kijana mwenye masikio. Alinitazama kama anavyotazama bei ya nyanya.

"Ya chini huisikii?"

"Ya chini naisikia."

"Basi. Iliyopotea ni ya juu. Ya juu niachie mimi."

Na ndivyo ilivyo hadi leo. Kitufe ni chake, mimi sikigusi. Nikilinganisha nyuzi nauma ncha ya mti wa gitaa kwa meno, kwa ustaarabu, na kitambaa katikati, na kule kuyumba kwa filimbi kunapita kwenye taya wazi kabisa. Yeye anasimama kando ananisikilizia. Zikitulia ananigusa bega, ingawa mara nyingi taya limeshaniambia. Fundi wa redio nilimwendea nikamwomba radhi, akacheka, akaniambia alikuwa ameshasahau. Najua alikuwa hajasahau.

Lakini mchana ule, kabla mchele haujaisha, kulikuwa na jambo lililokuwa limenikaa. Ule mwaka mzima wa kurudi nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma.

"Hayo ya kitufe ulinieleza," nikamwambia. "Na mengine? Ni yapi mengine ulikuwa unaniambia kule nyuma?"

Akafikiri. "Ah, mengi. Kwamba chumvi imeisha. Kwamba dada yako amepiga simu. Kwamba punguza mwendo, viatu vinanibana."

"Na mengine?"

Aliweka uteo chini. "Kwamba leo umepiga vizuri," akasema. "Hilo nilikuambia mara nyingi."

Kisha nikakisogeza kigoda hadi magoti yetu yakagusana, nikamwomba anirudie hilo. Akanishika uso kwa mikono yake yenye vumbi la mchele, akanigeuza nimtazame, akarudia.