Fundi Sedekia na Bakuli la Maharage

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Sedekia, fundi seremala wa Mafinga, nilikwenda kumshusha bei. Ilikuwa mwaka 1952. Nilikuwa nanunua milango na kuipeleka Iringa mjini na Mbeya, na mnunuzi asiyetia kasoro si mnunuzi. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho moja, nikasema, "Fundi, mlango huu umepinda."

Hakuinua hata uso. "Mlango umenyooka, bwana. Wewe ndiye umesimama upande. Sogea."

Nikasogea. Mlango ulikuwa umenyooka. Nikalipa bei yake, na tangu siku ile sikununua mlango kwa mtu mwingine.

Hakuandika vipimo. Alikuwa na kamba moja tu ya katani. Akifika kwenye nyumba yako huifunga mafundo, urefu na upana wa kila mlango, huitazama mara moja, kisha huyafungua mafundo yote mbele ya macho yako na kuiviringa kamba mfukoni. Wageni walikuwa wakishtuka. Miezi miwili baadaye milango inaletwa, kumi na miwili, kila mmoja na tundu lake la ukutani, na hakuna unaogoma.

Sedekia alikuwa ametoka chini kama mimi. Miaka tisa alikuwa kibarua kwenye shamba la chai, akila posho ya kambi, unga na maharage, maharage na unga. Siku aliyoondoka alinunua randa ya chuma, akaapa mbele ya wenzake kwamba harage halitapita tena kinywani mwake. Wengi waliotoka kambini walikuwa hivyo, ila yeye alishika kiapo kuliko wengine. Alipopaua nyumba yake kwa bati, akaanza kula kama alivyodhani wanakula wakubwa: ugali wa sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe kama chokaa, kabichi ya kuchemsha kidogo, na chai yenye sukari nyingi. Alikula peke yake sebuleni. Mkewe Lusia na watoto walikula jikoni, dona kwa maharage na mboga ya karanga.

"Acha wale chakula cha vibarua," aliniambia akicheka. "Mimi nimeshafuzu."

Mwaka 1955 alikuja Chimala kupima mlango wa duka langu jipya. Akafunga mafundo, akafungua. Mlango ulipofika ulikuwa mfupi kwa shubiri mbili nzima. Kuku waliingia, mbuzi waliingia, na akina mama wauza mchele wa pale sokoni walipata la kusema.

"Bwana Mrisho, huo mlango wa wateja au wa mbuzi?"

"Mbuzi naye mteja, mwacheni."

Nilipanda lori hadi Mafinga kwenda kugomba. Nikamkuta ameketi kwenye takataka za mbao, anafunga fundo, analifungua, analifunga tena. Aliniuliza habari za safari mara tatu. Mara akafoka, mara machozi. Mikono ilikuwa imebabuka, na shingoni ngozi ilikuwa nyeusi, imekauka pande zote kama amevaa mkufu. Nilimwambia nataka fidia ya mlango: anipe ile randa yake, nami nitamwongezea gunia la sembe nyeupe. Akasema chukua.

Nikaichukua. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza. Nimenunua na kuuza tangu sina viatu. Mtu kama yule akikubali bila kubisha, ujue ndani kuna kitu kimeharibika. Na akiharibika yeye, mimi milango nitaitoa wapi?

Baada ya wiki mbili nikarudi. Lusia alinipokea mlangoni.

"Umekuja kuchukua nini tena, Bwana Mrisho? Imebaki misumari."

"Hali yake?"

"Anahara, halali, anasahau majina ya watoto. Ndugu zake wanasema karogwa kwa ajili ya bati. Jumapili wanakuja kumchukua wakamkalishe kijijini, na vifaa wagawane."

Nikamwambia, "Mama, gunia moja likioza katikati ya magunia kumi, mimi huuliza lilikaa wapi. Nyumba hii mnakunywa maji mamoja, mnalala chini ya bati moja. Yeye peke yake anafanya nini ambacho ninyi hamfanyi?"

Lusia alitazama jikoni, akatazama sebuleni. "Anakula vizuri kuliko sisi," akasema polepole.

Tulimpakia kwenye lori la mbao siku ileile. Hospitali ya Iringa kulikuwa na dresa, mhudumu mzee wa wagonjwa, aitwaye Mika. Alishika ile shingo, akageuza mikono, akauliza swali moja tu: "Unakula nini?"

Sedekia akajibu kwa fahari, neno kwa neno: sembe safi, kabichi, chai.

"Maharage? Karanga? Maziwa? Nyama?"

"Nyama Krismasi. Maharage mimi si kibarua."

Mika akacheka kwa huzuni. "Huu ugonjwa unaitwa pelagra, fundi. Unaanza kwenye ngozi, unakwenda tumboni, unamalizia kichwani. Mahindi meupe matupu hayalishi ubongo. Vidonge nitakupa, lakini vidonge vitakwisha. Usipokula hayo unayoyakataa, kichwa hakirudi."

"Sirudi kambini," akasema Sedekia, akageukia ukutani.

Lusia alilia. Mimi sikuja Iringa kulia. Nikavuta kigoda. "Bakuli moja la maharage kila siku, mwezi mzima."

Akanigeukia. "Nusu bakuli."

"Bakuli."

"Nusu. Na yaungwe kwa karanga."

"Karanga nakubali. Bakuli zima, na maziwa jioni."

"Bakuli... lakini nile sebuleni."

Nikamshika mkono. Lusia hakuelewa kwa nini natabasamu. Mtu anayebishania nusu bakuli, mwenyewe bado yumo.

Siku ya tano alilala usingizi. Wiki ya pili aliwataja watoto wake kwa majina na kwa mpangilio wa kuzaliwa. Jumapili ile ndugu walipofika Mafinga waliambiwa yuko hospitali, na Lusia alikuwa amerudi na kufungia vifaa kwa kufuli, ufunguo kifuani.

Baada ya miezi mitatu akashuka Chimala, shingo safi, kupima tena mlango wa duka langu. Wauza mchele wakasogea kuangalia. Alifunga mafundo, akaitazama kamba, akageuka kuwaelekea wale akina mama, akayafungua moja moja taratibu. Mwezi uliofuata alileta mlango mwenyewe. Ukaingia kwenye fremu kama kisu kwenye ala. Wauza mchele wakapiga vigelegele.

"Mbuzi sasa wabishe hodi!"

Sedekia alipangusa mikono. "Bwana Mrisho, randa yangu."

"Randa gani?"

"Uliyoichukua Alhamisi, mvua inanyesha, ukanipa gunia la sembe. Kichwa kimerudi na kila kilichokuwamo." Akashusha kutoka kwenye lori gunia la maharage. "Gunia kwa gunia."

Nilijaribu. Nikasema randa imepanda bei, aongeze japo debe la karanga. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akanitazama.

"Umesimama upande tena. Sogea."

Nikampa randa yake. Maharage yale tuliyala nyumbani mpaka mvua zikaisha, na milango ya Sedekia niliendelea kuinunua kwa bei yake.