Keti Kwanza

Pale Keumbu fundi mmoja wa mito ya kukalia aliitwa Keti Kwanza, kwa sababu hakuna mteja aliyeondoka na mto mnene wa sakafuni kabla ya kuukalia mbele yake. Aliujaza matambara, akayashindilia kwa ngumi, kisha mteja alipoketi aliinamisha kichwa kusikiliza kama matambara yanalegea. Mto ukididimia, aliufumua wote bila kunung'unika.

Siku moja mke wa mwanawe, Mong'ina, alikuja kutoka Kiogoro na mfuko wa vitambaa vya viti. Fundi alivitambua kabla havijakunjuliwa. Ni yeye aliyevitarizi kwa mkono, ua baada ya ua, vikawa zawadi yake ya arusi yao.

"Mama, vimekaa tu sandukuni. Siku hizi hakuna anayefunika viti. Lakini vikiwa mto wa kizamani, wageni wataupenda."

"Nivikate?"

"Kata tu, mama. Si wewe ni fundi? Vingine utashona."

Dole gumba pana la fundi lilipita juu ya maua, likafuatwa na mkasi. Jioni Mong'ina aliugeuzageuza mto akitafuta kitu.

"Na kile kilichoandikwa 'Mungu abariki nyumba hii'?"

"Kimo ndani, pamoja na matambara."

Mong'ina alicheka kidogo, akaukumbatia mto ili aondoke.

"Keti kwanza," alisema fundi.

Mong'ina akaketi, akajitingisha. Mto haukudidimia. Safari hii fundi hakuinamisha kichwa kusikiliza. Aliokota nyuzi zilizoanguka, mmoja mmoja, mpaka sakafu ikawa safi.