Mto wa Kanga Kuukuu

Shamba la mkonge lilipopata mwenye mali mpya, ofisi yetu ya Tanga mjini ililetewa kompyuta, na mama aliyepiga taipu pale tangu ujana wake akapunguzwa. Mimi, mgeni wa juzi, nikapewa kiti chake.

Chumba cha kompyuta tuliingia tumevua viatu. Bosi aliiweka mashine juu ya meza ndefu ya mninga, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, maana kitu cha thamani hakiwekwi chini. Kitini nilikuta mto wa kanga kuukuu, bado unanukia udi wake. Sikuukalia. Niliuweka dirishani, nikaanza kazi mikono juu, shingo nimeinyoosha kama kuku anayekunywa maji.

Kila nikichapa nilihisi mtu amesimama nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Jioni shingo inawaka moto na vidole vimekufa ganzi. Kusema niliogopa, kwani waliolalamika ndio waliofuata kupunguzwa, na nyumbani walikula kwa mshahara wangu.

Mama yangu aliniona nakula kichwa upande, nikamsimulia habari za kiti, mto na yule wa nyuma.

"Umekalia kiti cha mtu na kinyongo chake," alisema. "Huo mto ulete."

Aliuchoma uani kwa ubani, akaninywesha kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Niliomba kweli liwe jini, kwa sababu jini huondoka. Maumivu hayakuondoka, na yule wa nyuma pia hakuondoka. Nilimchukia yule mama wa taipu kwa moyo wangu wote.

Karibu na mfungo alikuja ofisini kuaga, anarudi kwao Mkwaja. Nilimwamkia shikamoo bila kugeuka. Alivua ndara, akaja nyuma yangu, palepale, akanishika mabega na kuyashusha.

"Mbona wakaa chini hivi, mwanangu? Mto u wapi?"

Nikalitazama dirisha tupu.

"N'likushonea wewe. N'liiona meza hii yaingizwa, nawe u mfupi kama mimi. N'kasema, huyu itamuua."

Machozi yalinitoka. Hakuuliza tena. Alivua kanga aliyojitanda, akaikunja ikawa nene, akaisukuma chini yangu, kisha akasogeza boksi la karatasi nikanyagie. Akatoka kwenye jua lile kichwa wazi, mwanamke wa heshima zake.

Shingo ilipona. Lakini hata leo, nikikaa kuandika, kuna mtu nyuma yangu. Sigeuki. Naona haya, najua hajajitanda.