Mzee Aliyehesabu Vumbi la Angani

Mzee mmoja wa Kizanzibari niliyefahamiana naye Ilford, hapa London, amefariki, na Jumatatu tulimzika. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na sikustahili. Wasomaji wangu wa tangu zamani mnamjua bila kumjua: ndiye niliyewachekesha naye miaka minne iliyopita, nikambandika jina la Mzee Vumbi.

Tulikutana kwa kinyozi. Wenzetu wakibishana mpira, yeye alinieleza kwamba ujanani, miaka ya sitini, alikuwa karani wa kituo cha kunasa mawimbi ya redio kutoka vyombo vya angani, kwanza Unguja kisha Madagaska. Roketi moja ilirushwa kwa majaribio bila mtu ndani, ikabeba setilaiti yenye mabawa mapana. "Kazi yake kuhesabu vijiwe vinavyoipiga, mwanangu. Vidogo kama vumbi. Wajue chombo cha watu kitatoboka au hakitotoboka." Nambari zilizoshuka aliziandika yeye. Nilimtazama, mzee anayesafisha ofisi za watu, nikaona kichekesho kimejileta chenyewe. Sikumuuliza hata swali moja. Huo ndio ugonjwa wetu huku London: tukimwona mtu na ndoo tunadhani alizaliwa nayo, ilhali wengi wetu kwetu tulikuwa walimu na wauguzi.

Safu yangu ya kumcheka kama mwongo ilipotoka gazetini, darasa la Kiswahili la Jumamosi, lililokuwa limemwalika azungumze na watoto, liliahirisha mwaliko, kisha likanyamaza. Alikuwa ameshatengeneza mabawa ya maboksi ya kuwaonyesha. Alinikuta kituo cha basi akasema tu, "Umeandika vizuri, bwana, lakini hukuniuliza." Mwaka uliofuata, nikitafuta jambo jingine maktaba, nilikutana na picha ya setilaiti ileile, mabawa wazi, na maelezo ya vijiwe kama alivyonisimulia. Niliona haya. Nikajiambia nitamsafisha wiki ijayo. Wiki hiyo ikaliwa na uchaguzi, iliyofuata ikaliwa na mpira.

Nilipokwenda kumpa pole binti yake, alinijibu kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. "Baba alikuwa akinunua gazeti kila Ijumaa. Anaanza na ukurasa wako. Anasema, huenda ni leo." Kumchafua kulinichukua asubuhi moja, kumsafisha kukanishinda miaka minne. Ukimkosea mtu hadharani, mrudishie heshima yake hadharani, naye angali na macho ya kusoma. Mzee alisema kweli, wasomaji wangu. Nimeliandika hilo leo, Ijumaa, na yeye hayupo kulinunua gazeti.